Mstari wa uwanjani una upana, wa ardhi hauna: tuliyopitia kununua kiwanja cha mpira wa wavu

Nimekuwa kwenye mpira wa wavu tangu sekondari. Nimecheza, sasa hivi nafundisha vijana, na kwenye mashindano nimeshika sana bendera ya mwamuzi wa mstari, kwa hiyo mambo ya ndani na nje ndo kazi yangu. Lakini tulipoamua kama kikundi tununue kiwanja chetu wenyewe cha kuchezea, pembezoni mwa Kibaha, nikaona kwa macho kwamba mstari wa uwanjani na mstari wa mkataba wa ardhi haifanani hata kidogo, na kwamba ugomvi mwingi wa viwanja unaanzia hapohapo, watu wanaandika mpaka kama kitu kinachojulikana na wote wakati hakuna aliyesema huo mpaka unaishia wapi. Mgogoro wetu umekula hela, umekula msimu mzima wa vijana, na kuna wenzetu wamejitoa kabisa. Naandika ili kikundi kingine, au kanisa, au hata mtu na familia yake, wasipite huko.

Tuanze na kwa nini tulihitaji kiwanja. Tulikuwa tunatumia uwanja wa shule, shule ikaongeza madarasa, uwanja ukaisha. Sisi wakubwa tuko kazini, wadogo bado wanasoma, tukaanza kuchanga kidogo kidogo kwa simu, kila mtu anachoweza, na mweka hazina wetu dada mmoja mkali sana kwenye daftari, hela ya mtu haipotei. Ilipofika kiasi cha kueleweka tukaanza kutafuta.

Sasa kabla hujamwita dalali lazima ujue unataka ukubwa gani, na kwa mpira wa wavu hesabu yake iko wazi. Uwanja wenyewe ni mita 18 kwa 9. Lakini huwezi kununua 18 kwa 9, maana kanuni zinataka eneo huru lisilopungua mita 3 kila upande, mchezaji anakimbilia mpira nje ya mistari na bado mpira uko hai. Kwa hiyo ni 24 kwa 15 na hapo hujaweka benchi, hujaweka choo, wazazi waliokuja kuangalia watoto hawajapata pa kusimama. Tukakubaliana tutafute 30 kwa 20.

Dalali akatupeleka sehemu nzuri, tambarare, upande mmoja barabara ya mtaa, upande wa pili uzio wa minyaa mnene kweli, nyuma yake nyumba ya bibi mmoja. Wauzaji ndugu watatu, shamba la marehemu baba yao. Dalali akasema kiwanja ni thelathini kwa ishirini, akaanza kutembea kutuonyesha, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini, akasimama akapiga mguu chini, "hapa ndo kona." Wengi mnajua viwanja vya huku pembezoni vinavyouzwa kwa hatua. Nikamwambia kaka samahani, hatua si mita. Mimi kwenye begi la mpira natembea na tepu ya mita 50 ya kuchorea uwanja, tukaitoa, tukavuta. Hatua zake 30 zilikuwa mita 24 na kidogo. Zile 20 zilikuwa mita 16. Yaani kile alichotaka kutuuzia kingetosha uwanja na eneo huru tu, benchi ungeiweka barabarani. Hakukasirika, alisema huku wote wanapima hivyo, na kweli wote wanapima hivyo. Wauzaji wakakubali kusogeza kona hadi mita zitimie na bei ikapanda kidogo, tukaishia milioni saba.

Halafu kuna kitu ambacho anayechora viwanja vya mpira anakijua na wanunuzi wengi hawakijui. Kupima pande nne haitoshi. Unaweza kuwa na 30, 20, 30, 20 kamili na kiwanja bado kimelala upande. Ukichora nusu uwanja wa wavu, mita 9 kwa 9, lazima kona kwa kona isome mita 12.73, ikisoma tofauti uwanja umepinda, unarudia. Kwa kiwanja cha 30 kwa 20, kona kwa kona inatakiwa isome kama mita 36 pande zote mbili. Chetu kilisoma 38 upande mmoja na 34 upande mwingine. Eneo halipungui sana, lakini ukija kuweka kitu chenye kona za mraba ndani yake, nyumba au uwanja, unapoteza pembeni. Sisi ilitubidi tuupange uwanja upya kwenye karatasi kabla ya kulipa. Tepu ni hela kidogo tu dukani, watu wawili na kalamu, kazi ya muda mfupi. Kwa hiyo usilipe kiwanja ambacho hujakivuta kona kwa kona.

Karatasi za wauzaji nazo tulizikagua, na hapa sitakaa sana maana wengi wameshaelezea. Mali ya marehemu haiuzwi na watoto kwa sababu tu ni watoto, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mtake kuona ile Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo na siyo kuambiwa ipo nyumbani. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenzake aridhie na asaini. Na kama nyinyi ni kikundi, fikirieni mapema jina gani linaingia kwenye mkataba, maana kikundi hakimiliki ardhi kwa jina la hewani, kuna utaratibu wa kusajili wadhamini RITA, ile Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Sisi tuliandika majina ya watu watatu kwa niaba ya kikundi, na baadaye watu wakaanza kuulizana kama hao watatu ndo wenye mali. Maneno mengi.

Sasa njoo kwenye mkataba wenyewe. Uliandikwa vizuri, muhuri, picha, dole gumba, mashahidi pande zote. Sehemu ya mipaka ilisomeka hivi, kaskazini kimepakana na minyaa, kusini barabara ya mtaa, mashariki mwembe, magharibi eneo la familia ya wauzaji. Soma tena. Ukiusoma haraka uko sawa kabisa na mikataba mingi inaandikwa hivyohivyo. Ila mwembe ni mti wa kukumbatia watu wawili, mpaka uko upande gani wa shina? Barabara ya mtaa ina upana gani? Na minyaa, jamani minyaa, uzio ule ulikuwa na unene wa zaidi ya mita mbili kwa jinsi ulivyotanuka miaka yote hiyo. Kimepakana na minyaa, minyaa ya wapi, ukingo wa huku, ukingo wa kule, au katikati?

Uwanjani swali hili halipo kwa sababu limeshajibiwa. Mistari ya pembeni na ya mwisho ina upana wa sentimita 5, na inachorwa ndani ya vipimo vya uwanja. Maana yake mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira ukigusa mstari, hata ukingo wake wa nje, uko ndani. Vijana wangu wapya huwa wanavuta kamba kwenye mita 18 halafu wanamwaga chokaa kwa nje ya kamba, wakimaliza uwanja umekuwa 18.10 kwa 9.10, na mimi huwa nawafutisha wachore upya. Sentimita hizo ndo zinaamua pointi. Mstari wa kati nao una kanuni yake, wenyewe ni wa timu zote mbili sawasawa, ndo maana ukikanyaga kidogo upande wa wenzako huku sehemu ya mguu wako bado iko juu ya mstari hakuna kosa. Kwa hiyo kila mstari una mwenyewe, na inajulikana kabla ya sevu ya kwanza. Mkataba wetu haukusema minyaa ni mstari wa aina gani.

Tukalipa, tukafurahi, tukaingia kazini. Tulisawazisha ardhi kwa mikono, tukamwaga moramu, tukaweka mteremko wa kutoa maji, kanuni zinaruhusu milimita 5 kwa kila mita kwa uwanja wa nje. Tukachimbia nguzo. Mistari tukachora kwa chokaa, mstari wa pembeni ukawa mita 3 kutoka ukingo wa minyaa, kwa macho yetu hapo ndo mwisho wetu. Vijana walianza mazoezi, kila Jumamosi kumejaa watu, watoto wa mtaa wamekaa chini wanahesabu pointi.

Halafu siku moja asubuhi nikapigiwa simu kuna mafundi wanachimba. Nikaenda. Kijana wa yule bibi alikuwa amekuja na fundi na tripu ya tofali, wamepigilia vigingi na kamba kwa ajili ya ukuta, na kamba imepita upande wetu wa minyaa, ndani ya moramu yetu, kama mita 1.2 kutoka pale tulipodhani ni mwisho. Kwa urefu wote wa mita 30 hiyo ni mita za mraba 36. Anayesikia atasema kieneo kidogo tu, lakini eneo huru la mita 3 lingebaki mita 1.8, halafu mbele yake ukuta wa tofali. Mchezaji anayerudi nyuma na macho juu kufuata mpira anaufikia ukuta huo kabla hajajua. Mimi nimeshaona binti akipasuka nyusi kwenye nguzo isiyofungwa sponji, siwezi kukubali ukuta pale.

Kijana alikuwa mkali, na wetu wakawa wakali. Kuna aliyeng'oa kigingi kimoja na hapo ikawa nusura ngumi. Nawaambia ukweli, hiyo ndo saa ya hatari kuliko zote, maana mkishapigana mgogoro wa ardhi unageuka kesi ya polisi na huko mpaka hauzungumzwi tena. Nikawaondoa vijana wote, nikampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikamwomba kijana asimamishe mafundi mpaka tukae. Akakubali kwa shingo upande, tofali zikabaki pale juani.

Nikaenda kumsalimia bibi mwenyewe, peke yangu, bila karatasi. Nikampa shikamoo, akanipa kiti. Nikamwambia bibi tumekuja kuwa majirani zako, hatukuja kukunyang'anya. Akasema, "Marahaba mwanangu. Hii minyaa nimepanda mimi na marehemu. Ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye mihogo. Hatukupanda mpaka, tulipanda uzio." Nikamuuliza, sasa mpaka wenyewe ulikuwa wapi, akasema mpaka marehemu aliujua na baba wa hao waliowauzia aliujua, wote wawili wako makaburini.

Hapo nikaelewa kwamba hakuna mwizi. Bibi anaona minyaa yote ni yake kwa sababu kaipanda, na kisheria ya kienyeji ana hoja. Wauzaji wameuza mpaka minyaa kwa sababu ndo wanayoiona. Sisi tumenunua mpaka minyaa. Watu watatu wote wakweli na mita 1.2 ina wenyewe wawili.

Kikao cha mtaa kikaitishwa. Mwenyekiti akawaita mashahidi wa mkataba mmoja mmoja. Wa kwanza akasema mpaka ni minyaa, akiulizwa minyaa upande gani anasema minyaa. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mjumbe, mzee wa makamo, akasimama akasema, "Mimi nisiseme uongo mbele ya watu. Nilishuhudia hela zikihesabiwa na karatasi ikisainiwa. Mpaka sikuzungushwa." Nilimheshimu sana. Sisi waamuzi wa mistari tuna ishara zetu, mpira ndani bendera chini, mpira nje bendera juu, na kuna ishara ya kukunja mikono mbele ya kifua, maana yake sikuona, siwezi kuamua. Waamuzi wachanga wanaiogopa, wanaona aibu, bora wabahatishe. Lakini ile ishara ipo kwa sababu kubahatisha kunaua mchezo. Mjumbe alikunja mikono, na kwa kufanya hivyo akaokoa kikao, maana kila mtu aliona kumbe hakuna shahidi hata mmoja aliyezungushwa mipaka.

Kwa hiyo hili lishikeni. Shahidi wa mkataba wa kiwanja asisaini mezani. Atembezwe, asimame kila kona, aangalie kona hadi kona. Mwamuzi wa mstari hasimami popote anapotaka, anasimama kwenye mwendelezo wa mstari wenyewe ili autazame kwa urefu, ukiutazama kwa ubavu macho yanadanganya. Na shahidi afanye hivyohivyo, asimame kona moja atazame kona ya pili, majirani wote wa pande zinazogusana wawepo siku hiyo na wasaini kwamba wameonyeshwa. Jirani ambaye hakuitwa siku ya kuuza ndo atakayekuja siku ya kujenga.

Wenzangu kwenye kikundi walitaka twende moja kwa moja mahakamani. Nikauliza kwa mtu wa sheria, akatuelekeza vizuri. Mgogoro wa namna hii unaamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ila kwanza lazima mpite baraza la kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, likishindwa linathibitisha kwamba limeshindwa ndo unaenda wilayani, na kama siku 30 zimepita hawajasuluhisha unaweza kuendelea bila hiyo karatasi yao. Kuna watu bado wanashika hukumu za baraza la kata za juzijuzi wakidhani wameshinda, ulizeni kwanza. Na popote mnapolipia chochote, ofisi yoyote, daini stakabadhi.

Baada ya kupiga hesabu ya nauli, wakili na muda, tukaona bora tuchangie na bibi tulete mpima ardhi mwenye leseni, kila upande ulipe nusu ili asionekane wa mtu. Sisi tulitoa laki mbili na nusu na wao hivyohivyo. Hili la kulipa nusu kwa nusu nalisisitiza, mpima aliyelipwa na upande mmoja hata akipima sawa hataaminika.

Kabla hajaja vijana wa pande zote wakafyeka minyaa ili mashina yaonekane. Tahadhari jamani, minyaa ina utomvu mweupe kama maziwa, ukiingia jichoni ni balaa. Kijana wetu mmoja panga lilirusha tone, akapiga kelele, tukamwosha jicho na maji mengi kwenye bomba la bibi kisha tukamkimbiza zahanati, alikaa na jicho limevimba, limemfunga kabisa, na mama yake hakutuelewa kwa muda mrefu. Vaeni miwani, vaeni mikono mirefu, usifute uso na mkono wenye utomvu.

Lakini tulichokiona chini ndo kilichomaliza mambo. Juu minyaa ilikuwa msitu, chini kabisa mashina ya zamani, yale manene yenye gome la kijivu lililopasuka, yamejipanga mstari mmoja, shina, hatua, shina, hatua, kutoka karibu na mwembe mpaka upande wa pili. Mengine yote yalikuwa matawi yaliyoangukia chini yakaota mizizi, pande zote mbili. Bibi alikuja na mkongojo wake, akainama, akasema haya ndo yetu ya kwanza. Na mzee mmoja wa upande wa wauzaji akakubali kwamba marehemu kaka yake alikuwa akilima mpaka hapo kwenye mashina, haendelei.

Mpima akaja na mashine yake ya GPS na mwenzake. Mmoja wa vijana wetu alikuwa ameshapiga mipaka kwa simu na programu ya ramani, akamwonyesha kwa fahari. Mpima alimjibu kwa upole, simu inakosea mita kadhaa, nyinyi mnagombania mita moja. Akaongeza kwamba hata namba za kwenye ramani za zamani ukiziingiza kwenye simu bila kubadilisha mfumo zinaweza kukutupa mamia ya mita, kwa sababu upimaji wa zamani wa Tanzania ulitumia mfumo wa Arc 1960 na simu zinatumia mwingine. Hilo sikulijua na nina uhakika wengi hawalijui, kuna watu wanaitana wezi kwa sababu ya simu.

Nikamuuliza swali langu la uwanjani, mstari wako una upana gani, na ni wa nani? Akacheka, akaniambia, "Dada, mstari wangu hauna upana. Unatoka katikati ya chuma hiki mpaka katikati ya chuma kile, basi. Upana mnauleta nyinyi, mkijenga." Bikoni ni nondo imesimamishwa kwenye zege na ina namba yake, na hicho chuma katikati ndo nukta yenyewe, zege siyo mpaka. Kwa hiyo ukuta, uzio, minyaa, mwembe, vyote vina unene na lazima viwe upande wa mtu, au viwe vya wote wawili kwa makubaliano. Ukuta wa tofali unauona mwembamba juu, lakini msingi wake umechimbwa kwa upana wa nusu mita au zaidi, na fundi akiweka katikati ya msingi kwenye mstari basi robo mita yake imeshavuka chini ya udongo ambako huoni.

Tukakubaliana mpaka upite katikati ya mashina ya zamani. Kwa lugha yangu ya uwanjani, tuliufanya mstari wa kati. Ule ukingo wa minyaa tuliokuwa tumeuhesabu ukawa si mwisho wetu tena, maana mashina yalikuwa ng'ambo ya pale tulipodhani, kwa hiyo kamba ya mafundi ilikuwa imetuingilia na kwa kweli sisi tuliongezeka kidogo. Bibi hakubishana. Kijana wake alinuna, akasema basi ukuta atajenga upande wake wote, msingi na plasta vyote ndani, na tukaandika hivyohivyo. Bikoni zikawekwa mwisho na mwisho, na katikati mwenzetu mmoja mwenyeji wa Marangu akaleta masale, kwao Uchagani mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, unapandwa masale na kila mtu anayaheshimu, tukayapanda machache kwenye mstari. Shina la isale ni jembamba, halitanuki kama minyaa. Lakini tuliandika wazi kwamba masale ni alama tu, bikoni ndo zinazoamua. Na kung'oa bikoni ni kosa la jinai, waambieni watoto.

Furaha ikakatwa na barabara. Mpima alipofungua mchoro wa mipango miji, barabara ya mtaa ambayo chini ina upana wa mita 4 tu, kwenye mchoro ni mita 8, na kila upande unatoa mita 2. Kwetu upande wa kusini ukapungua hivyo, pale tulipopanga benchi na choo. Hakuna wa kumlaumu kwa urahisi, muuzaji kauza alichokiona na mtaa unahitaji barabara. Ila ofisi ya mipango miji ya halmashauri iko wazi, ukienda na jina la mtaa wanakuonyesha mchoro, na sisi hakuna aliyetuambia twende huko kabla ya kulipa. Mkisoma hapa mmeambiwa. Pima kutoka ukingo wa barabara ya kwenye mchoro, ile unayotembelea leo inaweza kuwa nusu tu.

Wakati haya yote yanaendelea uwanja ulifungwa. Vijana walirudi mtaani, wawili hawajarudi mpaka leo na inaniuma kwa sababu mmoja alikuwa na mkono wa kushambulia ambao sijauona muda mrefu. Wanachama waliodai hela zao tuliwarudishia kidogo kidogo, na urafiki mwingine umekufa hapo. Ukijumlisha mpima, wakili, kikao, kubeba moramu kuisogeza, tumetumia zaidi ya milioni moja juu ya bei ya kiwanja, hela ambayo ingenunua wavu mpya, mipira na taa mbili.

Sasa hivi tuna nyongeza ya mkataba iliyosainiwa mbele ya wakili, na sisi, wauzaji, bibi na kijana wake wote wamesaini. Nawawekea maneno yake makuu muyatumie. Mpaka wa kaskazini ni mstari ulionyooka kutoka katikati ya bikoni namba fulani hadi katikati ya bikoni namba fulani, urefu wake mita kadhaa, kama inavyoonekana kwenye ramani iliyoambatanishwa na kusainiwa na pande zote. Ukuta wowote pamoja na msingi wake utakuwa ndani ya eneo la anayejenga. Mpaka wa kusini ni ukingo wa barabara kwa mujibu wa mchoro wa mipango miji. Mwembe uko ndani ya eneo la jirani, matawi yakivuka anayevukiwa atoe taarifa kabla ya kukata. Maneno kama "kimepakana na kwa mama fulani" yanaweza kubaki kama maelezo, lakini yasiwe peke yake, mama fulani anaweza kuuza kesho.

Mistari ya uwanja nayo tuliihamisha, mita 3 tunazihesabu kutoka uso wa ukuta wa bibi. Na tunachora kwa chokaa tu. Kuna mfadhili alitaka kutupa mbao tuzichimbie ziwe mistari ya kudumu, tukamshukuru tukakataa, kanuni zinakataza mistari ya vitu vigumu kwenye uwanja wa nje, mtu atavunja mguu.

Kipengele cha mwisho aliomba bibi mwenyewe na wakili alikiandika kama alivyosema. Mpira ukivuka ukuta, aende mtu mmoja tu, apitie getini, apige hodi, asiruke. Kikundi kitaweka wavu wa kuzuia mipira upande huo. Kioo kikivunjika kikundi kinalipa ndani ya mwezi huo. Baada ya saa moja usiku mpira hauulizwi mpaka asubuhi. Nguzo za wavu wa kuzuia tumeshapata, tunachangia wavu.